Shida Si Swingi, Ni Nyonga

Wasee, kabla hujanunua fimbo nyingine, nijibu swali moja. Ukiwa umeketi hapo ulipo, unaweza kugeuza paja lako la kushoto liangalie ndani bila kalio kuinuka kwenye kiti? Hujui. Karibu kila mtu niliyemuuliza pale uwanja wa mazoezi wa gofu, ile renji ya kulipia ndoo ya mipira, hakujua. Na hawa ni watu wanaokutajia uzito wa draiva yao kwa gramu. Wanajua ilitengenezwa mwaka gani. Mwili unaoizungusha hiyo draiva, zero.

Maoni yangu ndiyo haya, na najua yatakasirisha wengine: vijana wengi wa Nairobi wanaoanza gofu siku hizi hawana tatizo la mbinu kwanza. Wana nyonga zilizokaza kama bawaba ya geti ambalo halijafunguliwa tangu uchaguzi. Unaweza kumwambia huyo mtu "geuka" mara mia. Atageuza nini?

Mimi nina miaka 23. Kazi yangu ni kuhariri video, zangu na za watu. Siku ya kawaida nakaa kwa kiti masaa tisa, halafu ongeza Thika Road jioni, magoti yamebanwa na kiti cha mbele, kondakta anasema bado kuna nafasi ya mmoja. Gofu niliingizwa mwaka juzi na binamu yangu, mtoto wa shangazi, ambaye ni kedi katika klabu moja hapa jijini. Kedi, kwa mwenye hajui, ndiye hubeba mfuko wa fimbo za mchezaji, humwambia upepo unaelekea wapi, na humtafutia mpira uliopotelea kwa nyasi. Mfuko unaweza kupita kilo 10. Mashimo 18 ni mwendo wa kama kilomita 8 hadi 10 kwa miguu. Akipata mzigo asubuhi na mwingine mchana, hesabu mwenyewe.

Binamu yangu anacheza vizuri kuliko wengi wa wale anaowabebea. Sisemi kwa sababu ni wetu. Pale kwao Jumatatu ndiyo siku ya makedi kuingia uwanjani, na nimemwona akipiga fimbo namba 7 hadi wazee waliokaa kwenye veranda wakaacha chai. Ndoto yake ni kucheza kwa kulipwa. Ana miaka 27, kwa hivyo si kesho kutwa, ni sasa.

Mwaka jana mgongo ukamshika. Chini kabisa, upande wa kushoto. Ilianza kama uchovu, ikafika mahali hawezi kuinama kufunga kamba za viatu. Na kedi hana likizo ya ugonjwa, jamaa. Siku hujabeba, siku hiyo hujala. Kila mtu alikuwa na dawa yake. Mmoja akampa mafuta ya kuchua. Duka la dawa likampa tembe. Mkufunzi mmoja akamtazama akipiga mipira kama kumi, akasema shida ni kwamba hageuki vya kutosha, ajilazimishe zaidi. Alijilazimisha wiki mbili. Wiki ya tatu alilala sakafuni kwa nyumba ya shangazi, akiangalia dari, hataki hata kuongea.

Aliyetusaidia ni rafiki yangu mmoja anayesomea fiziotherapia. Hakuanza na mgongo. Alimlaza kifudifudi, akakunja goti la kulia likasimama, kisha akauachia mguu uangukie upande wa nje. Ukaenda vizuri. Akafanya hivyo hivyo upande wa kushoto. Mguu ukasogea kidogo tu, ukagoma, kalio likaanza kuinuka lenyewe kumsaidia. Msichana akacheka. "Wewe, mguu wako unaishia hapa? Basi huo mgongo umekuwa ukifanya kazi ya nyonga bure, bila mshahara."

Hiyo sentensi ndiyo ilinifanya niandike hii kitu.

Nyonga ni kiungo cha ajabu. Kichwa cha mfupa wa paja ni duara, na kinakaa ndani ya kikombe kwenye mfupa wa nyonga, kama mchi ndani ya kinu. Kinaweza kwenda mbele, nyuma, pembeni, na pia kujizungusha palepale. Huo mzunguko wa mwisho ndio gofu inautaka sana. Chukua mtu anayepiga kwa mkono wa kulia. Anapoinua fimbo nyuma, mwili mzima unageuka juu ya nyonga ya kulia. Anaposhuka kupiga, mambo yanageuka: uzito unahamia mguu wa kushoto, mguu umeganda kwenye nyasi, na kiuno chote kinazunguka juu ya paja la kushoto. Kwa lugha ya nyonga, paja limegeuka ndani. Safari hiyo ya kutoka juu hadi kwenye mpira inachukua chini ya nusu sekunde.

Sasa, nyonga ya kushoto ikigoma katikati ya hiyo safari, mwili hausimami kuuliza maswali. Fimbo imeshaanza kushuka, nguvu lazima ipite mahali. Jirani wa karibu ni mgongo wa chini. Na hapo ndipo maumbile hayako upande wetu. Pingili tano za mgongo wa chini zimejengwa kwa kuinama na kunyooka. Kujipinda si kazi yake. Ukizijumlisha zote tano, zinazunguka kama digrii 10 hadi 15 tu, yaani kila moja digrii mbili tatu hivi. Nyonga yenye afya peke yake inaweza kugeuka ndani digrii 30 au zaidi. Ukiziomba pingili zilipe deni la nyonga kila Jumamosi, mipira mia kwa ndoo, unadhani zitavumilia hadi lini?

Si kila mtu anapata maumivu. Wengine mwili wao unatafuta njia ingine ya kukwepa: kiuno kinasukumwa mbele kuelekea mpira, kifua kinanyanyuka, mikono inakosa nafasi, mpira unaenda kulia kama umeitwa na mama yake. Hapo ndipo unaambiwa "umeinua kichwa." Manze, hiyo "umeinua kichwa" inafaa ipigwe marufuku. Kichwa kiliinuka kwa sababu kiuno kilikosa pa kwenda.

Na kama unafikiri nimebuni, mwaka 2004 jarida la American Journal of Sports Medicine lilichapisha utafiti wa wachezaji 42 wa kulipwa. Wale waliokuwa na historia ya maumivu ya mgongo wa chini walionekana kuwa na upungufu wa mzunguko katika nyonga ya mbele, ile ya upande wa mpira unakoelekea. Utafiti wa aina hiyo hauwezi kukuambia ni kipi kilitangulia, nyonga au mgongo, na watu 42 si taifa. Lakini ukijua jinsi swingi inavyofanya kazi, haishangazi.

Mgongo ndiyo sehemu inayowaumiza wacheza gofu sana, wa kulipwa na wa wikendi. Seve Ballesteros, aliyeshinda Kenya Open hapa nyumbani mwaka 1978 akiwa bado kijana mdogo, aliteswa na mgongo kwa miaka mingi. Tiger Woods alifanyiwa upasuaji wa mgongo mara kadhaa, na ule wa 2017 ulikuwa wa kuunganisha pingili, kabla hajarudi kushinda Masters 2019. Sisemi migongo yao iliharibiwa na nyonga, mimi si daktari wao. Nasema kama huu mchezo unaweza kumfikisha hapo mtu mwenye timu nzima ya wataalamu, mimi na wewe tunaotoka kwa kiti cha plastiki moja kwa moja hadi renji tunafaa kuwa na adabu kidogo.

Tuongee kuhusu hicho kiti.

Nyanya yangu ako Kilifi. Anakuna nazi akiwa ameketi kwenye mbuzi, magoti juu, na akimaliza anainuka bila kushika ukuta. Anachambua mchele mkekani, miguu imenyooshwa, saa nzima. Akifua, anainama kutoka kwenye nyonga, mgongo umenyooka kama ubao. Hajawahi kusikia neno mazoezi ya viungo. Sisi wajukuu wake tulichuchumaa hadi darasa la nane, shukrani kwa vyoo vya shule, kisha tukaja mjini tukapata choo cha kukalia, kiti cha ofisi, kiti cha matatu, kochi. Kuanzia hapo nyonga zetu zinajua pozi moja tu: zimekunjwa, zimetulia, hazizunguki. Mwili ni mchumi mkali sana. Nafasi usiyoitumia inafungwa. Misuli ya mbele ya nyonga inazoea ufupi, misuli ya makalio inasahau kazi, halafu Jumamosi unaviamsha vyote kwa draiva.

Kwa binamu yangu haikuwa kukaa. Ilikuwa kubeba: mfuko bega moja, uzito mguu mmoja, miaka sita. Rafiki yangu alisema hawezi kuapa kwamba mfuko ndio uliofanya hivyo, lakini mwili unaoegemea upande mmoja kila siku hauwezi kubaki sawa pande zote. Kuna watu wanafikiri kutembea sana kunatosha kulegeza nyonga. Kutembea ni kwenda mbele tu. Nyonga inaweza kwenda mbele kilomita elfu na bado isijue kuzunguka.

Halafu kuna hii kitu ya wanaume, lazima niiseme. Nilipoanza kufanya mazoezi ya nyonga kejani na kuyaposti, maoni yalikuwa yaleyale: "Buda, hiyo ni ya madem." "Unajiandaa kukatika wapi?" Ni kama kiuno cha mwanaume kimepewa ruhusa ya kubeba tu, kisizunguke. Hao hao wakienda renji wanataka kupiga mita 250. Nguvu ya kupiga mbali inatoka chini, inapanda kupitia kiuno. Ukiona aibu ya kiuno kuzunguka, nunua chesi. Mchezo mzuri tu, unachezwa umeketi.

Haya, jipime. Kaa kwenye kiti kigumu, magoti yako pamoja, weka ngumi au kiatu katikati yasitengane. Sasa peleka unyayo wa kushoto nje, mbali na mwingine, goti likibaki palepale. Mguu ukienda nje, paja linageuka ndani. Usiinue kalio, hapo ndipo watu huiba. Fanya na kulia. Sitaki namba, angalia tofauti. Kama upande mmoja unaenda na mwingine unakwama, umeshajua mengi kuliko utakayoambiwa dukani. Wengi husikia tu ugumu. Ukisikia mchomo mkali kwenye kinena, kama kitu kimebanwa, usilazimishe. Kuna watu mifupa yao yenyewe imeumbwa kwa namna inayogongana mapema, na hapo kunyoosha zaidi ni kujiumiza. Mchomo wa kinena, ganzi inayoshuka mguuni, maumivu yanayokuamsha usiku: hayo ni ya kupeleka kwa mtaalamu, si ya kuuliza mtu wa video kama mimi.

Binamu alipewa vitu vinne, na nilivifanya pamoja naye kwa sababu peke yake angeacha siku ya tatu. Cha kwanza, kukaa sakafuni, mguu mmoja umekunjwa mbele kama pembe ya meza, mwingine umekunjwa nyuma vivyo hivyo, halafu kubadilisha pande polepole bila kutumia mikono. Inaonekana rahisi. Jaribu. Mara ya kwanza nilianguka kama gunia la viazi. Cha pili, goti moja chini, kaza kalio la upande huo, sukuma kiuno mbele kidogo tu hadi usikie mvutano mbele ya paja. Kosa ambalo wengi hufanya ni kupinda mgongo ndani wakidhani wananyoosha nyonga. Cha tatu, kulala chali, magoti yamekunjwa, kuinua kiuno juu na kushikilia, kwa sababu msuli dhaifu nao hukaza, na ukiuvuta tu bila kuupa nguvu unarudi ulivyokuwa kesho yake. Cha nne ni kuchuchumaa, umeshika fremu ya mlango, visigino chini, dakika moja au mbili. Nyanya angecheka kwamba hili linaitwa zoezi.

Dakika kumi, siku nyingi za wiki. Na kabla ya kupiga mipira, sahau ile ya kuganda kwenye pozi moja kwa muda mrefu. Wakati huo misuli inataka kuamshwa. Shika fimbo kama mkongojo, rusha mguu mbele na nyuma, kisha kushoto na kulia, zungusha kiuno, anza na fimbo fupi.

Kuna njia ya pili ambayo wakufunzi wengi hawaitaji, na hapa nina kinyongo kidogo. Ukiwa na nyonga ngumu leo, hauhitaji kusubiri miezi mitatu ndio ucheze. Badilisha miguu. Ben Hogan, katika kitabu chake cha mwaka 1957, alifundisha unyayo wa mbele ugeuzwe nje kiasi cha robo. Ukifanya hivyo, nyonga ya mbele inaanza na nafasi ya ziada kabla haijafika ukutani. Jack Nicklaus, mwenye mataji makubwa 18, aliachia kisigino cha kushoto kiinuke anapopeleka fimbo nyuma, na kiuno kikapata kugeuka bila kumkaba mtu. Kisha ikaja fasheni ya kufunga kiuno na kupinda mabega tu, kama mtu anayekamua nguo. Kwa kijana mwenye nyonga za mafuta, sawa. Kwa msee aliyetoka kuketi masaa tisa, hiyo ni risiti ya hospitali. Mkufunzi anayempa kila mtu swingi moja bila kumpima nyonga anauza kiatu saizi moja kwa mtaa mzima.

Matokeo? Sitawadanganya kwamba ilikuwa muujiza. Wiki ya kwanza hakuna kitu. Wiki ya nne binamu alifunga kamba za viatu akiwa amesimama, akanitumia picha, viatu tu, bila maneno. Mwezi wa tatu ule mguu wa kushoto ulikuwa unaangukia nje karibu sawa na wa kulia. Mgongo bado humkumbusha akibeba mara mbili kwa siku moja, na bado kuna siku anabeba mara mbili, kwa sababu kodi haijali nyonga ya mtu. Rafiki yangu anasisitiza awe anabadilisha bega kila shimo. Anasahau. Ninamtumia ujumbe saa tatu asubuhi: BEGA.

Kinachonikera ni hiki. Yule mzee anayebebewa mfuko akisikia mgongo, ana mtu wa kumkanda, ana bima, ana daktari anayecheza naye. Yule anayebeba anapewa tembe na neno "pole". Na maarifa yenyewe si ghali! Yanahitaji sakafu. Vijana wanaoweza kuupeleka huu mchezo mbali hapa Kenya wengi wanatoka kwenye lile banda la makedi, na wanaanza kuishiwa mgongo kabla hawajaishiwa na kipaji.

Binamu alipeleka mkeka wa shangazi pale bandani, ule wa ukili wenye mistari ya zambarau. Mwanzo alifanya peke yake, wenzake wakimpigia mbinja. Siku moja kedi mmoja mzee, mwenye heshima zake, ambaye amebeba tangu kabla sisi hatujazaliwa, alivua viatu akauliza, "Hiyo ya kubadilisha miguu inaanzaje?" Baada ya hapo hakuna aliyepiga mbinja. Jumatatu iliyopita walikuwa saba, mkeka hautoshi, na shangazi ameanza kuuliza mkeka wake uko wapi.